Soko la samaki la Feri, Mtwara, kwa familia inayoshika kosheri

Likizo ya Mtwara mjini kwa familia ya Kiyahudi inayoshika kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, iwe imetoka Nairobi, Mbale au mbali zaidi, inasimama au kuanguka pale Feri. Mji hauna mgahawa wa kosheri wala mchinjaji wa Kiyahudi, kwa hiyo nyama na kuku visahauliwe mpaka mrudi kwenu, au vije vimegandishwa ndani ya boksi la barafu. Kinachobaki ni samaki, na samaki Mtwara wapo wa kila aina. Soko tunalipa alama 4 kati ya 5. Ile moja imeondolewa na visu na ndoo, na dawa yake ipo.

Nenda asubuhi na mapema, vyombo vilivyolala baharini vikiingia. Watoto wabaki nyumbani na mzazi mmoja, maana sakafu inateleza na watu wanasukumana.

Torati, Walawi 11, inataka mapezi na magamba. Changu, chewa, kolekole, nguru, jodari, vibua, mikizi na dagaa wanapita. Papa, taa, mkunga, pweza, ngisi, kamba, kaa na chaza hawapiti. Jina peke yake lisikutoshe, kwa sababu samaki mmoja huitwa hivi Mtwara na vile Tanga. Pitisha ukucha kutoka mkiani kwenda kichwani. Gamba linalong'oka likaiacha ngozi nzima ndilo linalotakiwa. Ngozi ikichanika, au ukihisi mkwaruzo wa msasa kama wa papa, mrudishe. Jodari na nguru huwababaisha wengi kwa kuwa magamba yao ni madogo na mengine hubaki wavuni. Kwa jodari tafuta nyuma ya kichwa na kuzunguka pezi la ubavuni, hapo hayakosekani.

Kosa kubwa ni kununua mnofu uliokwisha kuchunwa. Bila ngozi huna ushahidi, hata muuzaji akiwa mkweli kiasi gani. Chukua samaki mzima. Kwa watoto wadogo tunapendelea nguru: mkate mapande ya mviringo, mifupa yake ni mikubwa na inaonekana. Changu ni mtamu zaidi, ila miiba yake inataka mtu mzima akae kando ya sahani.

Sasa visu. Mpaa samaki anayekuhudumia huenda ametoka kumpasua papa, na mafuta yamebaki kwenye makali na kwenye gogo. Nenda na kisu chako na ubao wa plastiki, umwombe akufanyie kazi kwa hivyo huku unatazama. Hakuna anayekasirika ukimweleza kabla hajaanza. Kama kisu chake kimeshapita, osha samaki vizuri na ukwangue pale kilipogusa. Ndoo nayo ina shida yake: maji yaliyoosha pweza ndiyo yatakayoosha changu wako, kwa hiyo beba dumu la lita 5.

Vibua na jodari nunua tu kama wamelala kwenye barafu. Wakikaa juani wanatengeneza sumu ambayo moto hauiondoi, na mtoto anayewala hupata vipele na uso kuwa mwekundu, pengine na kutapika. Macho maangavu na mashavu mekundu ni dalili nzuri kwa samaki wote, lakini kwa hawa wawili barafu ndiyo ya kuangalia kwanza. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na baadhi ya siku mzigo ni mdogo. Dagaa hupungua usiku wa mbalamwezi, kwa sababu huvuliwa kwa taa na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu.

Chakula kilichopikwa tayari tunakipa alama 1, na hiyo ni ya ukarimu wa wapishi. Changu wa kukaanga anatoka karai lilelile la ngisi. Muuzaji atasema, kwa nia njema kabisa, "Kula mwanangu, ni halali." Mwambie kwamba kwenu sufuria nayo ina sheria, sawa na vile yeye asivyoweza kula wali uliopikwa kwenye chungu cha nguruwe. Watu wa pwani wanaelewa neno hilo mara moja, kuliko maelezo marefu ya dini.

Kwa hiyo pangeni nyumba yenye jiko, si chumba cha hoteli. Shangani ndiyo sehemu ya kutafuta, na mna sababu ya pili ya kukaa karibu na maji: sufuria, visu na vijiko vipya vya chuma, kwa sheria yenu, vinatakiwa kuzamishwa majini kabla ya kutumika, na bahari inafaa kwa kazi hiyo. Bandua karatasi za bei na gundi yake kwa mafuta ya kupikia, subiri maji yajae, kisha zamisha kimoja kimoja kikiwa kimeshikwa kwa ulegevu ili maji yafike kila mahali. Mwiko wa mti, chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa na vyombo vya plastiki havihitaji. Mbuzi ya nazi ina ulimi wa chuma, basi nunua mpya na uizamishe. Watoto wavae yeboyebo, miamba inakata.

Sinki la nyumba usilitumie moja kwa moja; weka beseni ndani yake. Mkiajiri mpishi asiye Myahudi, mmoja wenu awashe jiko, yeye aendelee. Tui la nazi ndilo zawadi kubwa ya jiko la pwani kwenu: linaleta ulaini wa maziwa bila kuwa maziwa. Maziwa ya unga ya watoto yatoke nyumbani. Mayai ya kienyeji yavunjwe moja moja kwenye glasi, kwani yenye doa la damu si machache. Mchicha na matembele yana wadudu wadogo chini ya jani. Loweka kwenye maji ya chumvi, suuza kila jani, kisha litazame kwenye mwanga. Ming'oko, viazi vya porini vya huku, nunueni mibichi mchemshe wenyewe. Korosho zilizobanguliwa na kuokwa kavu ni salama, ila zile zenye ganda msiwaachie watoto kuchezea: mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Sabato ndiyo inayopima nyumba. Juni jua huzama dakika chache tu baada ya saa 12 jioni, Januari hukaribia saa 1 kasorobo, na mishumaa ya kuipokea Sabato huwashwa dakika 18 kabla. Umeme ukikatika usiku, plata, yaani bamba la umeme la kupashia chakula, inapoa na hamruhusiwi kuwasha moto mwingine. Afadhali gesi iliyowashwa mapema kwa moto mdogo, juu yake bati la kuwekea sufuria, na mtungi wa kilo 6 ubadilishwe Alhamisi hata kama bado una kitu. Mkaa ndani ya nyumba hapana, hewa yake inaua. Swichi ya feni iachwe imewashwa, umeme ukirudi itazunguka yenyewe.

Mji hauna eruvi, yaani mpaka unaoruhusu kubeba vitu nje siku hiyo. Maana yake hakuna kigari cha mtoto barabarani, hakuna mfuko wa nepi, na mtoto asiyetembea habebwi kwenda ufukweni. Ua wenye ukuta na geti, unaotumiwa na familia moja tu, unamaliza tatizo, na ndiyo sababu tunauweka mbele ya kiyoyozi na mandhari ya bahari. Milango iwe ya ufunguo wa kawaida, si kadi ya umeme.

Siku za katikati ya wiki, Mikindani iko kilomita kama 10, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 linatosha kwa nusu siku ya watoto. Fungeni wali wa nazi na mapande ya nguru yaliyokaangwa asubuhi, na madafu mtayapata njiani. Mwombe muuzaji asuuze panga kwanza.