Boksi la zamani la ndege ya kivita: lipi ununue, lipi uliache

Kampuni ya Hobbico, iliyokuwa ikimiliki jina la Top Flite, watengenezaji wa maboksi ya vipande vya kuunda ndege za modeli, iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2018. Tangu hapo, anayetaka kujiundia ndege ya Vita vya Pili vya Dunia kama P-47 au Mustang, ya rimoti, kwa balsa (mbao nyepesi sana), ananunua masalia: maboksi yaliyokaa darini au gereji miaka ishirini, thelathini, na sasa yanauzwa eBay au kwenye minada ya klabu za Marekani na Uingereza, mara nyingi na watoto wa marehemu wasiojua wanachouza. Kwa mnunuzi huo ni mwanya, na ni mtego pia. Kinachouza boksi ni picha ya kifuniko, na picha haikuambii mbao zilizomo zina hali gani wala ndege itatuaje.

Orodha hii nimeipanga kwa maswali mawili. Boksi likifunguliwa leo, je, kilichomo bado kinafaa kujengea? Na ndege ikikamilika, itamvumilia rubani wa kawaida? Uzuri nimeuweka kando makusudi, ndiyo maana Spitfire hutaiona juu. Namlenga mtu ambaye tayari amezoea kurusha ndege ya mafunzo na ameshatua mara nyingi bila kuvunja kitu. Kama bado, tafuta ndege ya mafunzo kama Sig Kadet, irushe mpaka uichoke, kisha urudi hapa.

1. Top Flite Gold Edition, P-47D Thunderbolt

Hili ndilo chaguo langu bila kusita. Mabawa yana urefu wa takriban sentimita 160, uzito ukiwa tayari kuruka ni kilo 3.6 hadi 4.5, na ilibuniwa kwa injini ya daraja la .60 (inchi za ujazo), yaani takriban sentimita za ujazo 10.

Sababu kubwa ni magurudumu. Thunderbolt ya kweli ilikuwa na miguu iliyopanuka vizuri, na modeli imerithi hilo. Ukitua upepo ukipiga ubavuni, haipinduki ovyo. Bawa nalo ni pana. Ndege nyingi za kivita zina ugonjwa mmoja: mwendo ukipungua kupita kiasi, ncha ya bawa moja huishiwa nguvu ya kubeba kabla ya lingine, na ndege inabingirika kuelekea chini. Hilo likitokea mita tano kutoka ardhini, hakuna rimoti itakayokuokoa. P-47 nayo ina ugonjwa huo, ila huanza kwa taratibu na hukuonya, mradi hukuijaza gundi na rangi mpaka ikawa nzito.

Sababu ya pili ni namna ilivyobuniwa. Katika maboksi ya Gold Edition, mbavu za bawa zina vijiguu vidogo vya kusimamia juu ya meza, hivyo bawa linajengwa likiwa limenyooka bila kutafuta vitalu vya kuegemeza. Usivikate mpaka upande wa juu uwe umefunikwa na gundi imekauka. Kitabu cha maelekezo ni kinene na kinakuongoza hatua kwa hatua kama fundi aliyesimama begani kwako. Flapi, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kupunguza mwendo, zimo kwenye ramani. Zijenge, utazihitaji wakati wa kutua.

Angalia jambo moja: Top Flite walitengeneza ndege za kivita tangu zamani, na majina yanafanana. Maneno "Gold Edition" lazima yaonekane kwenye kifuniko. Yasipoonekana, huenda unaangalia boksi la miaka ya 1970, ambalo ni mradi tofauti kabisa.

Kuhusu nguvu, mimi naipendekeza mota ya umeme. Injini ya zamani inakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi ya nyonyo, pamoja na nitromethane, na mchanganyiko huo ni bidhaa hatari isiyosafirishwa kirahisi kwa ndege. Mota ya wati 1,000 hadi 1,300, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli sita na propela ya inchi 14 au 15 itaibeba P-47 hii vizuri. Pua yake ni fupi na kwa kawaida hudai uzito wa ziada mbele. Betri ikiwekwa huko inafanya kazi mbili. Kumbuka tu kukata mlango wa kuingizia betri kabla hujafunika kiwiliwili, na kuacha tundu la kutokea hewa lililo kubwa kuliko la kuingilia. Ramani ya zamani haina hata kimoja kati ya hivyo viwili, maana ilichorwa kwa ajili ya tangi la mafuta.

2. Top Flite Gold Edition, P-51D Mustang

Karibu kila nililosema juu linasimama hapa. Mabawa ni takriban sentimita 165, miguu imepanuka, maelekezo ni yaleyale mazuri. Imeshuka nafasi moja kwa sababu bawa lake ni jembamba zaidi kwenye ncha, na kwa sababu pua nyembamba inakubana unapopanga mota na betri. Pia kila klabu ina Mustang tatu. Kama hilo halikusumbui, nunua.

3. Flair Puppeteer au SE5a

Hapa tunarudi Vita vya Kwanza vya Dunia na kiwanda cha Uingereza. Puppeteer imefuata umbo la Sopwith Pup, na inaruka polepole kiasi kwamba mtu mwenye mikono mizito anapata muda wa kufikiri. Maumbo ni mepesi kujenga, hakuna miguu ya kukunja, hakuna flapi. Shida iko ikiwa ardhini: pua fupi na magurudumu yaliyo mbele kidogo tu ya kitovu cha uzito vinaifanya ipende kusimama kichwa kwenye nyasi ndefu, na upepo wa alasiri wa pwani hautaipenda kamwe. Irushe asubuhi.

Anayetoka Rufiji au Mafia anaweza kutaka ndege iliyoonekana kweli na babu zake. Mwaka 1915 Waingereza waliruka kutoka Mafia kwenda kuelekeza mizinga ya manowari Severn na Mersey dhidi ya meli ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta. Ndege hizo zilikuwa Farman na Caudron, si Pup wala SE5a. Kwa hizo utatafuta ramani na kukata mbao mwenyewe.

4. Guillow's, iliyogeuzwa kuwa ya rimoti

Guillow's wa Wakefield, Massachusetts, wapo tangu 1926, na maboksi yao madogo ya mbavu za balsa na karatasi laini ndiyo yaliyowafundisha watu wengi kazi hii. Yalibuniwa kwa raba ya kusokota au injini ndogo, lakini ile P-47 au Hellcat ya takriban sentimita 75 hadi 80 inageuzwa vizuri kwa mota ndogo ya umeme na servo (vimota vya kusogeza usukani) za gramu chache.

Ushauri wangu hapa ni kinyume cha kichwa cha makala: usinunue la zamani. Kampuni bado inauza, na matoleo mengi ya sasa yamekatwa kwa leza. La zamani mara nyingi lina balsa ngumu na nzito, na kwa ndege ya gramu mia mbili na kitu, hilo ndilo linaloamua kama itaruka au itapamba kabati.

5. Royal na Marutaka, maboksi ya Japani

Mbao zake ni nzuri na sanduku limejaa. Ila maelekezo ni machache, ramani inadhani unajua tayari, na ndege nyingi hutoka nzito. Ni kwa mtu aliyejenga ndege kadhaa na anayetaka Zero au B-17 ambayo wengine hawana.

Nilizoziacha nje

Spitfire na Messerschmitt Bf 109 zina miguu iliyobanana. Ni tabia ya ndege zenyewe, si kosa la aliyetengeneza boksi. Bawa la duara-yai la Spitfire linamaanisha kila ubavu una umbo lake na ngozi yake inapindwa pande mbili; ni kazi nzuri sana kwa ndege yako ya tatu. Corsair ina bawa lililovunjika katikati kama la shakwe, na kiungo hicho kikipinda hata kidogo, ndege nzima inakwenda upande.

AT-6 Texan ya Top Flite inauzwa sana kwa kisingizio kwamba ya kweli ilikuwa ndege ya mafunzo. Usidanganyike, kwa modeli inaangusha bawa haraka. Tena ndege hiyohiyo, kwa jina la Harvard, ndiyo Waingereza waliyoitumia kuanzia 1953 kudondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare wakati wa Mau Mau, kwa hiyo Mkenya atakuwa na maoni yake kuhusu kuitundika sebuleni.

Boksi lililoanza kujengwa na mtu mwingine, liache. Bawa lililopinda miaka kumi iliyopita na gundi ikakauka halinyooshwi kwa matumaini.

Kukagua boksi kabla ya kulipa

Mbao za maboksi ya zamani hazikukatwa kwa leza. Zilikatwa kwa kupigwa na kisu cha umbo, na kisu kilipokuwa butu kilisaga badala ya kukata. Omba picha ya karibu ya ubao wenye mbavu, upande wa nyuma. Ukiona mstari mwembamba umepenya mpaka nyuma, ni salama. Ukiona uvimbe tu, mbavu hazitatoka bila kuchanika. Hata nzuri usizisukume hivihivi: geuza ubao, pitisha msasa laini nyuma mpaka mstari uonekane, kisha sukuma taratibu kwa kitako cha penseli ukianzia kona. Ubavu ukichanika, nakili umbo lake kwenye balsa mpya. Ni kazi ya dakika chache, mradi ramani ipo.

Ndiyo maana ramani ina thamani kuliko mbao. Balsa inanunulika, ramani iliyoliwa na panya hainunuliki kirahisi. Ikifika, ipeleke kwenye duka la kunakili michoro ya majengo, ujenge juu ya nakala, halisi uiweke. Pima nakala kwa rula dhidi ya halisi, mashine nyingine hunyoosha kidogo upande mmoja.

Kioo cha rubani cha plastiki kibonyeze kwa kidole gumba. Kikilia au kikiwa cha njano kama chai, weka hesabu ya kununua kingine. Kava ya injini ya plastiki nayo hukauka na kupasuka. Stika za zamani, zile za kuloweka kabla ya kubandika, zikiingia majini hutawanyika vipande vipande. Vipande vya nailoni, bawaba, mipira ya magurudumu na bomba la mafuta, vyote vitupe bila huruma, hata kama vinaonekana vipya kwenye mfuko wake.

Na kama muuzaji anakuongezea rimoti ya enzi hizo ya 27, 35 au 72 MHz pamoja na betri zake, mshukuru na uiache kabatini. Nunua seti mpya ya 2.4 GHz. Servo sita zinatosha kwa P-47 yenye flapi: mbili za kulaza ndege upande, mbili za flapi, moja ya usukani wa mkia na moja ya kupanda na kushuka. Ukijumlisha mota, betri, chaja, servo na karatasi ya kufunika, utakuta boksi ndilo lilikuwa kitu cha bei nafuu kuliko yote.

Kulifikisha nyumbani

Walioko Marekani: ndege yoyote inayozidi gramu 250 inahitaji usajili wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, na namba iandikwe nje ya ndege. Uingereza, mamlaka yao, CAA, wanataka usajili wa mmiliki na mtihani mfupi wa rubani. Kenya na Tanzania, ndege ya rimoti inaangukia mikononi mwa mamlaka za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, na Kenya ina kanuni zake za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020. Waulize kabla ya kuagiza, si boksi likiwa tayari forodhani, maana picha ya ndege inayofyatua risasi kwenye kifuniko haikusaidii kueleza kwamba ndani ni mbao.

Betri za lipo zinunue karibu na ulipo, zina masharti magumu kusafirisha. Boksi lenyewe liende ndani ya boksi lingine lenye karatasi pembeni, maana vijiti virefu vya bawa huvunjika vinapogongwa kwenye kona. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji apige picha ya ramani ikiwa imekunjuliwa yote na vijiti hivyo vikiwa vimelazwa sambamba juu ya meza. Akisema boksi halijafunguliwa na hataki kulifungua, anauza kumbukumbu ya mkusanyaji, na bei yake itakuwa ya mkusanyaji.