Mfuko wa matela wenye zipu: miezi 7 chumba cha nyuma, Bukavu

Muko aje, bandugu? Huu mfuko ninaoushika ni ule wa plastiki wa kuwekea matela, zipu upande mmoja. Nilinunua miwili pale Nyawera mdogo wangu alipokwenda masomo Kisangani, mwezi wa kumi, mvua imeshakolea. Aliniachia matela mbili za sponji. Moja nikaitia mfukoni, zipu mpaka mwisho, na skochi juu yake, hata sisimizi asipite. Mfuko wa pili ulipasuka siku ileile kwenye msumari wa kitanda. Matela yake nikaizungushia shuka kuukuu, nikatupia bashi, yaani turubai, juu, chini sikufunga.

Sasa sogeeni. Hii ndiyo niliyoifunga vizuri kama zawadi ya arusi. Munaona madoa haya meusi kwenye mshono? Nafuta na kidole, hayatoki. Harufu nayo, mushukuru simu haipitishi harufu. Ni kuvu.

Mvua haikuingia hata tone, mfuko kwa hilo sina ugomvi nao. Maji yalikuwa ndani tangu mwanzo. Mtu analala, anatoka jasho, sponji inalinywa. Mimi niliitoa kitandani asubuhi nikaifunga asubuhi hiyohiyo. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku baridi inashuka, na ule unyevu unageuka matone upande wa ndani wa plastiki, kama kifuniko cha sufuria ya ugali. Hauna pa kutokea. Tena niliilaza kwenye simenti tupu, yenye ubaridi wake.

Hii ya shuka na bashi? Kavu. Vumbi kidogo pembeni, basi. Ilikuwa juu ya mbao, hewa inapita chini. Kasoro yake ni hili shimo hapa katikati: mama aliweka gunia la maharagwe juu, miezi yote hiyo. Nabonyeza, pembeni inarudi, hapa hairudi. Sponji ikilaliwa muda mrefu inachoka. Ndiyo maana hata kuikunja na kuifunga kamba ni kwa safari tu, si kwa miezi. Matela ya resori, ile ya springi za chuma, usikunje kabisa.

Kwa hiyo mfuko ni mbaya? Hapana. Kwa kuhama ni mzuri sana: unaipandisha matela kwenye gari wazi kutoka Kadutu mpaka Bagira, matope na manyunyu yote yanabaki nje. Wanaoogopa kunguni wasiingie kutoka nyumba ya jirani, zipu inasaidia pia. Ila kama wako tayari ndani ya matela, usidhani utawafungia wafe njaa kwa wiki mbili. Kunguni anakaa miezi bila kula. Watibu kwanza.

Kwa kuweka muda mrefu, mimi ningefanya hivi: siku 2 au 3 matela isimame pahali penye upepo, igeuzwe, shuka ya pamba kwanza, mfuko baadaye, zipu iachwe wazi kiasi cha kiganja kila kona, mbao chini, juu pasiwekwe kitu. Na naftalini, vile vidonge vya kufukuza wadudu, muiache kabatini, harufu yake ikiingia sponji haitoki.

Plastiki yenyewe nyembamba, msumari mmoja umeimaliza. Naipa 3 kwa 5.

Mdogo wangu anarudi Jumamosi. Bado sijamwambia ni ipi atakayolalia.