Waya wa umeme wa nyumba: upi uupe pesa kwanza

Anayejenga kidogo kidogo hufika kwenye umeme mfuko ukiwa umeshachoka. Hapo orodha ya fundi huanza kukatwakatwa, na unene wa waya ndio unaopunguzwa kwanza, kwa kuwa waya utafukiwa ukutani na hakuna mgeni atakayeusifia. Nakusihi ukate kwingine. Swichi na taa za urembo utazibadilisha mwakani kwa bisibisi tu, lakini waya ukishapigwa plasta, kuubadilisha ni kuvunja ukuta.

Mpangilio wangu wa waya kwa umuhimu ni wa nyumba ya kawaida yenye umeme wa volti 230, na waya wote wa shaba. Hesabu ni moja: gawa wati za kifaa kwa 230, upate ampea.

Namba moja naupa waya wa 6, yaani milimita 6 za mraba, kwa shawa ya umeme na jiko la umeme. Wengi wangeanza na 2.5, ila mimi nimeona. Kwetu fundi aliunga shawa kwenye waya wa 2.5 wa soketi, na breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, ilipokuwa inakata kila mara, akaiondoa akaweka kubwa zaidi. Breka ikanyamaza. Miezi michache baadaye tulisikia harufu ya plastiki darini. Ganda la waya lilikuwa limekauka na kupasuka, shaba iko wazi. Shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Waya wa 2.5 ukiwa na urefu wa mita 20, karibu volti 9 zinapotea njiani, na wati kama 200 zinageuka joto ukutani mwako. Kwa waya wa 6 zinapotea volti 3.5 tu. Breka ipo kulinda waya, kwa hiyo inapokata inakwambia waya umebebeshwa mzigo usio wake. Shawa ipate laini yake peke yake na breka ya ampea 32, na waya upite ukutani, mbali na joto la bati.

Wa pili ni 2.5, wa soketi, na ndio utakaonunua rola nyingi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja ni ampea 14. Ndani ya paipu ukutani, kwenye joto la nyuzi 30, waya huu hubeba ampea 24 hivi. Shida ni kwamba nyumba zetu nyingi hupitisha waya juu ya dari, chini ya bati, na jua la mchana la Dar es Salaam unalijua. Joto likifika nyuzi 50, uwezo wake unashuka hadi ampea 17. Ndiyo maana napendelea breka ya ampea 16, na jikoni pawe na laini yake.

Wa tatu ni 10, kutoka mita ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla) hadi kwenye kisanduku cha breka. Mita ikiwa getini, mita 30 au zaidi kutoka nyumbani, panda hadi waya wa 16.

1.5 ni wa taa tu, breka ya ampea 6 au 10. Usikubali kuchomekewa "soketi moja tu" kwenye laini ya taa. Wa 4 hauna kazi nyingi, labda pampu ya kisima kilicho mbali au kiyoyozi kikubwa.

Mkiani kabisa ni alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa bei ya kuvutia. Kwangua ncha kwa kisu: ikitokea rangi ya fedha, rudisha. Njia nyingine ni mizani. Mita 100 za 2.5 zina shaba ya kilo 2.2 kabla hata ya kuhesabu plastiki, kwa hiyo rola nzima ikipima kilo 2, unapunjwa. Tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na kazi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Angalia pia urefu: rola ya yadi 100 ni mita 91 tu, kwa hiyo unapolinganisha maduka mawili, linganisha bei ya mita moja.