Dog Day Afternoon: Filamu ya wizi wa benki isiyohitaji DJ

Wapenzi wengi wa filamu za uhalifu hapa Dar es Salaam tumekulia katika vibanda vya video, ambako DJ huifasiri filamu kwa Kiswahili, humbandika jambazi jina la mtaani na kuendelea kusimulia hata pale wahusika wanaponyamaza. Ninauheshimu usanii huo, na sauti ya marehemu Lufufu, mmoja wa ma-DJ hao, bado inavuma masikioni mwangu. Hata hivyo, ipo filamu moja ambayo ningemsihi DJ yeyote aiache kama ilivyo, nayo ni Dog Day Afternoon, iliyoongozwa na Sidney Lumet na kutolewa mwaka 1975.

Kisa chake kimetokana na tukio la kweli la Agosti 22, 1972, katika tawi la benki huko Brooklyn, New York. Sonny, anayeigizwa na Al Pacino, anaingia na bunduki iliyofichwa ndani ya boksi la zawadi, kisha anahangaika na utepe wa boksi hilo mbele ya watu anaotaka kuwatisha. Ameingia na wenzake wawili, Sal na mwingine ambaye mara anaingiwa na woga na kuomba ruhusa ya kwenda zake. Sefu inapofunguliwa, fedha zimekwisha kuchukuliwa, na zilizosalia ni kama dola 1,100 tu. Sonny anachoma daftari la benki ili kuficha ushahidi, moshi unatokea nje, na muda si mrefu simu inalia: ni polisi, nao wako ng'ambo ya barabara.

Kuanzia hapo, kazi iliyopaswa kumalizika kwa dakika chache inaendelea hadi usiku, na ndipo uhodari wa Lumet unapodhihirika. Ukiondoa wimbo wa mwanzoni, filamu haina muziki wa kumwelekeza mtazamaji ahuzunike wapi au aogope wapi; kinachosikika ni simu, helikopta, kelele za umati na pumzi za watu waliofungiwa ndani. Polisi wanapokata kiyoyozi, jasho linaanza kuwatiririka mateka na majambazi pamoja. Niliitazama nyumbani Sinza mwezi Februari, umeme ukiwa umekatika na kompyuta ikitumia chaji yake ya mwisho, na sikuhitaji kuelezwa joto hilo linamfanya nini mtu.

Umati ndio ulionishangaza zaidi. Sisi tunajua kinachomkuta mtu anayepigiwa ukelele wa "mwizi!" katikati ya Kariakoo, lakini katika filamu hii Sonny anatoka mlangoni, anapaza sauti akitaja Attica, na wananchi wanamshangilia. Attica ni gereza la jimbo la New York ambako, Septemba 1971, maasi ya wafungwa yalizimwa kwa risasi na jumla ya watu zaidi ya 40 wakafa. Umati ule haumpendi mwizi. Unawachukia polisi waliomwelekezea bunduki, na baadhi ya watu wanamgeuka Sonny mara tu wanapojua kwamba fedha zilikuwa za kumgharimia Leon, mpenzi wa Sonny, operesheni ya kubadili jinsia. Chris Sarandon anamwigiza Leon kwa utulivu bila kumfanya kichekesho, na mazungumzo yao ya simu ni marefu, yamechoka, na ndiyo kilele cha filamu kwa maoni yangu. Haishangazi kwamba Tuzo pekee ya Oscar iliyoipata, kati ya sita ilizoteuliwa, ni ya mswada wa Frank Pierson.

Dosari ipo. Mke wa Sonny amechorwa kama mwanamke wa kelele tu, jambo ambalo ni uvivu katika filamu iliyowatendea haki hata makeshia. Tena, kwa dakika zake 125 na lugha yake ya matusi, si ya kutazamwa sebuleni na watoto.

Nirudi kwa DJ. Sonny anamuuliza Sal, mwenzake, angependa wakimbilie nchi gani. Sal, anayeigizwa na John Cazale, anafikiri, kisha anajibu: Wyoming. Sonny anamweleza taratibu kwamba Wyoming si nchi. Ni jimbo la Marekani hiyo hiyo wanayotaka kuikimbia. Kibandani, hapo pangechomekwa mzaha na ukumbi mzima ungelipuka kwa kicheko. Lumet anatuachia uso wa Sal, mtu mwenye bunduki asiyejua pa kwenda, na nilipokuwa nikicheka nilijikuta nimeacha.