Fundi aliyeuliza kwanza: kipenu cha kulala mtu au cha kuwekea vitu?

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga mjini, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati. Mama alipohamia kwangu nilitaka kumjengea kipenu upande wa uani, alale karibu na choo na bomba. Fundi wa kwanza tulipatana bei, nikaenda kazini. Niliporudi nikakuta kalirefusha paa na kusimika nguzo nne. Ukuta hakuna. "Si ulitaka upenu, dada?"

Iliniuma, maana fedha ilishatoka. Upenu ni ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, pale tunapokingia maji ya mvua na kupanga kuni. Kipenu ni chumba kidogo kinachojengwa hapo upenuni, kimeegemea ukuta wa nyumba, paa lake la mteremko mmoja. Banda nalo husimama peke yake uani. Lakini wapo wanaosema upenu kwa vyote viwili, na mimi sikueleza zaidi ya neno moja.

Fundi wa pili ni mzee wa Makorora. Baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza lilikuwa hilo: "Mwanangu, kipenu cha kulala mtu au cha kuwekea vitu?" Akachukua kipande cha mkaa, akachora sakafuni mlango, dirisha na kitanda kitakavyokaa. Hakugusa tofali mpaka Mama mwenyewe aliposema ndivyo.

Kazi yake naisifu hasa kwenye maungio, maana vipenu vingi huvuja hapo. Aliuchanja ukuta wa zamani ili tofali mpya ziumane nao, hakuzibandika kwa saruji tu. Bati jipya alilichomeka chini ya lile la zamani, maji yakishuka yapite juu yake. Siku tisa, na msaidizi mmoja, laki tatu na nusu ya ufundi. Kila jioni alifagia.

Kasoro ni joto. Paa ni la chini, saa nane mchana bati linawaka, na dirisha alilotoa ni dogo. Ningejua ningedai kubwa zaidi.

Masika ilipoingia, mvua ilipiga usiku kucha. Alfajiri nikapitisha kiganja kwenye maungio, mwanzo hadi mwisho: pakavu. Mama hata hakuamka. Dari bado, nimeshampa mzee malipo ya awali, anarudi baada ya Idi.