Chasisi ya krola chini ya lori la bati la kaka yangu

Kwenye boksi wameandika kwamba chasisi hii ya krola, yaani gari la rimoti la kupanda mawe taratibu, inabeba bodi ya aina yoyote. Nimekaa nayo miezi minne, nimeipandishia bodi ya lori la kuchezea la chuma la zamani, na naweza kusema inabeba. Ila hiyo "yoyote" waliyoifikiria wao ni ya plastiki.

Nianze na mimi mwenyewe ili ujue maneno haya yanatoka kwa nani. Ni fundi wa friji. Bati, lehemu na mita ya umeme ni vitu vya kila siku kwangu. Magari ya rimoti nilikuwa sijayagusa. Lori si langu, ni la kaka. Alipewa tukiwa wadogo, tayari limeshatumika, na mimi ruhusa yangu ilikuwa kulitazama tu. Alipohama nyumba alinikabidhi likiwa ndani ya mfuko: "Chukua, dogo, si ulikuwa unalililia." Ekseli moja imepinda, magurudumu mawili hayapo, jina la kiwanda mlangoni limefutika. Akaweka sharti moja: mkwaruzo wa madigadi ya kushoto usipakwe rangi. Aliupata siku aliyoliachia kutoka juu ya ngazi kuona kama litafika chini kwa magurudumu. Halikufika.

Wanaojua malori haya wanajua uzito wake. Buddy L ya Marekani, iliyoanza kuyauza mwaka 1921, ilitokana na kiwanda cha Fred Lundahl kule Illinois kilichokuwa kikibana mabati ya sehemu za magari halisi. Ndiyo maana malori ya ukoo ule mtoto aliweza kuyakalia na yasibonyee. La kaka nalo ni la jamii hiyo: bati la karibu milimita moja, limekunjwa na kubanwa kwa ribiti, halina skrubu hata moja. Nilipoweka bodi tupu kwenye mizani ilisoma kilo 1.86. Bodi ya plastiki laini inayovalishwa magari haya kwa kawaida huwa na gramu 250 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Shikilia tofauti hiyo kichwani, maana karibu kila nililolipenda na nililolilalamikia kwenye seti hii linatokana nayo.

Ndani ya boksi kuna reli mbili za chuma, ekseli mbili zenye difu zilizofungwa moja kwa moja, giaboksi ya katikati, propela shafti mbili, shokapu nne, vijiti vya kushikilia ekseli na mfuko wa boliti. Mota, kidhibiti mwendo, sevo ya usukani (kimota kinachokata tairi za mbele), rimoti, betri na magurudumu unatafuta mwenyewe. Reli zina matundu ya vipimo viwili, milimita 275 na 313 kutoka ekseli hadi ekseli. Lori langu lilidai 275, na tairi zikakaa katikati ya madigadi kana kwamba zilizaliwa humo. Hapo nilitabasamu peke yangu kama mwehu.

Ekseli ni nzuri kweli. Nimezigonga kwenye mawe, nimeliangusha gari zima kutoka urefu wa goti, hakuna kilichopinda. Gia ni za chuma na zilikuja na grisi, japo kidogo; fungua uongeze kabla hujawasha chochote. Propela shafti nazo ni za chuma, lakini skrubu ndogo zinazozibana zilikuja kavu, bila gundi ya boliti. Siku ya tatu moja ililegea, shafti ikadondoka, nikapiga magoti kwenye majani nusu saa nikitafuta kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Kwa hiyo usianze hata kuunganisha kabla hujainunua hiyo gundi. Boliti zenyewe ni laini mno. Mbili vichwa vyake viliisha kwa spana niliyoitumia kwa mkono, tena bila kutumia nguvu.

Kulivua lori kulinichukua muda mrefu kuliko kuunganisha chasisi. Kichwa cha lori kimeshikwa na sakafu kwa ndimi za bati zilizopenyezwa kwenye nafasi na kukunjwa. Ulimi wa namna hiyo una maisha ya mkunjo mmoja au miwili. Wa kwanza niliuinua kwa koleo haraka haraka, ukakatika ukiwa mdomoni mwa koleo. Iliyobaki niliipasha moto kidogo kwa pasi ya lehemu, nikainua polepole kwa bisibisi bapa, ikapona yote saba. Ribiti za sanduku la nyuma nilizitoboa kwa drili kutoka chini ili zisionekane.

Rangi sikuigusa, na si kwa sababu ya sharti la kaka peke yake. Marekani iliweka ukomo wa risasi kwenye rangi za vitu vya watoto mwaka 1978, ukiwa asilimia 0.06, kisha mwaka 2009 ikaushusha hadi 0.009. Lori la zamani kuliko hapo lichukulie kuwa lina risasi, na ukilipiga msasa mkavu vumbi lake linaingia kifuani mwako. Kutu ya sakafuni tu ndiyo niliyoiloweka kwenye siki usiku mmoja, nikasuuza kwa maji ya magadi, nikakausha kwa hewa ya moto na kupaka mafuta palepale. Ukichelewa dakika kumi utaiona kutu mpya ikichanua mbele ya macho yako.

Sasa njoo kwenye uzito. Siku ya kwanza nilipoliweka chini, shokapu zote nne zililala. Springi zilizokuja na seti haziwezi kilo mbili juu yake. Nilizikaza kwa zile pete za juu hadi mwisho, gari likasimama, lakini likawa halina tena pa kudidimia tairi ikiingia shimoni. Na mbili za nyuma zilikuwa zinavuja mafuta tangu boksini.

Kubaya zaidi kulikuwa kupinduka. Nilichukua ubao, nikaweka simu yenye kipimo cha mteremko kando, nikaliweka lori ubavu na kuuinua ubao taratibu. Nyuzi 33, lori chini. Krola inayoanguka kwa nyuzi 33 haina maana. Nikafanya mambo matatu. Nilikata kwa mkasi wa bati ile sahani ya ndani ya kichwa ambayo hakuna anayeiona, gramu 240 zikatoka. Nikashusha vishikio vya bodi milimita 18, hadi tairi zikawa zinagusa madigadi usukani ukikatwa mwisho. Nikakunja ukingo wa ndani wa bati kidogo, zikapita. Halafu nikaweka vipande vizito vya shaba ndani ya rimu za mbele, gramu 110 kila upande, na betri nikaihamishia mbele, chini kabisa kati ya reli. Uzito ulio ndani ya gurudumu haulemei springi, na ukiwa mbele unalisaidia gari kupanda bila kuinua pua. Kipimo cha pili kilinipa nyuzi 44. Kwa lori la chuma nimeridhika.

Kuna tatizo moja lililonila wiki mbili nzima, na lisingenila kama ningeyasikiliza macho yangu. Lori lilikuwa likikata mawasiliano. Linatembea vizuri, ghafla linaganda, sekunde moja mbili, linaamka. Nikabadilisha betri za rimoti. Nikabadilisha risiva, kile kisanduku ndani ya lori kinachopokea mawimbi ya rimoti. Nikamlaumu muuzaji kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

Mwishowe nilifanya kile ninachofanya kwenye friji iliyogoma: kalamu na karatasi, kila linapozima naandika lilikuwa linafanya nini. Baada ya mara ishirini hivi karatasi ikajigawa yenyewe. Mara nyingine lilizima likiwa mbali kidogo, hatua tisa kumi, na kila mara likiwa limenipa mgongo. Mara nyingine lilizima hata likiwa miguuni pangu, lakini hapo lilikuwa limebana tairi kwenye jiwe huku nalazimisha usukani. Yalikuwa magonjwa mawili yenye dalili moja.

La kwanza ni aibu kwa mtu anayekunja mabati. Risiva nilikuwa nimeificha ndani ya kichwa cha lori, pakavu, pazuri, na antena yake ndani humo. Chuma hakipitishi mawimbi ya redio. Tundu kubwa la kichwa kile ni kioo cha mbele, ambacho hakina kioo, kwa hiyo lori likinitazama linanisikia, likigeuka halinisikii. Nilitoboa tundu paani palipokuwa na honi iliyong'oka, nikavisha raba ya duara ili ukingo wa bati usikate waya, nikapitisha kimrija chembamba cha plastiki chenye antena ndani. Sehemu inayofanya kazi ni ile ncha iliyochunwa, sentimita 3 hivi, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi la gigahezi 2.4. Ncha hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa nje, waya wote uliobaki hauna neno. Sasa nalipeleka hatua sitini na halijakata.

La pili nililikamata kwa mita. Kidhibiti mwendo ndicho kinachoilisha sevo na risiva, volti 6, na uwezo wake ulioandikwa ni ampea 2. Sevo niliyoiweka ni ya nguvu ya kilo 25 kwa sentimita, na tairi zenye shaba ndani hazigeuki kwa kubembelezwa. Niliweka nyaya za mita kwenye soketi ya risiva, nikabana gurudumu kwenye mguu wa meza, nikakata usukani. Volti ikaporomoka kutoka 6.0 hadi 3.7, risiva ikazima kama mtu aliyezirai, sevo ikaachia, volti ikapanda, risiva ikaamka. Ndiyo ile sekunde moja mbili. Dawa ni kidhibiti cha volti cha pembeni kinachochukua umeme moja kwa moja kwenye betri na kuilisha sevo peke yake. Kipande kidogo kama kidole gumba. Karatasi ya maelekezo ya seti inashauri sevo yenye nguvu, halafu haisemi lolote kuhusu kuilisha.

Nyaya za betri nazo zivishe mpira kila zinapopita karibu na bati. Bodi ya plastiki inakusamehe, ya chuma itachuna waya kidogo kidogo kwa mtikisiko hadi siku chanya na hasi zikutane kupitia bodi yenyewe, na betri ya lithiamu haifanyi mzaha ikifika hapo. Kwenye kidhibiti angalia pia kile kiswichi cha aina ya betri. Changu kilikuja kimewekwa kwenye nikeli, maana yake kisingekata umeme seli za lithiamu zikishuka chini ya volti 3.

Mwendo wake? Nimeweka mota ya mizunguko 55 ya waya. Wengi kwenye chasisi hii huweka ya 35, ambayo ina kasi zaidi, lakini kasi ndani ya lori la kilo nne na ushee inakutafutia ajali tu. Kwa betri ya volti 7.4 linatembea kama mzee anayehesabu ngazi. Linafika kwenye jiwe, tairi ya mbele inapapasa, inashika, pua inapanda, sanduku la nyuma linagonga kwa mlio wa sufuria, na lori linaendelea. Mlio huo hakuna bodi ya plastiki itakayokupa. Nilikuwa nimepanga kuuzima kwa sponji na nimeghairi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ekseli na giaboksi zingepata tano zikisimama peke yake. Shokapu na boliti ndizo zimeishusha. Mwenye bodi ya plastiki aongeze nusu. Mwenye lori la chuma ajue tangu mwanzo kwamba anatakiwa kununua springi ngumu, gundi ya boliti na kile kidhibiti cha pembeni. Na kama lori lako bado lina rangi yake safi na boksi lake, liache rafuni, tafuta lililopigwa na maisha kama hili. Mimi, ukiacha lile la antena paani, sikuongeza tundu lolote jipya kwenye bodi linaloonekana kwa nje, na imeshikwa na boliti nne zinazopita kwenye matundu ya ribiti za zamani. Sahani niliyoikata na tundu la antena ndivyo visivyorudi.

Kaka alikuja kuliona. Kwanza alikagua madigadi ya kushoto, akaukuta mkwaruzo wake mahali pake. Akachukua rimoti, akalipeleka moja kwa moja kwenye ngazi. Lilipanda vidato viwili, cha tatu likarudi kinyumenyume, likagonga ukuta kwa bampa. Tukachungulia chini wote wawili: tone la mafuta kwenye shokapu ya nyuma kulia, ileile. Nimeagiza raba zake mpya.