Kura za uzani katika ujumbe wa kaunti, South Carolina: nyota mbili kati ya tano

Katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, kila moja ya kaunti 46 ina ujumbe wake, yaani maseneta na wawakilishi wa bunge la jimbo ambao maeneo yao ya uchaguzi yanaigusa kaunti hiyo, hata kama ni kwa kipande kidogo tu. Wabunge hao ndio wanaoteua au kupendekeza watu wa kuingia katika baadhi ya bodi za kaunti, ikiwemo kamati inayopanga matumizi ya fedha za barabara zinazotokana na kodi ya mafuta. Mimi ni mkazi wa mojawapo ya kaunti hizo, na hii ni tathmini ya huduma niliyoiona nilipohudhuria kikao cha ujumbe wetu kilichoitishwa ili kujaza nafasi katika bodi moja.

Karani aliita majina matano. Kila mjumbe alipojibu, karani aliandika tarakimu pembeni mwa jina lake, kisha akajumlisha kwa kikokotoo. Wawakilishi wote wanne walisema ndiyo. Seneta alisema hapana. Karani akasoma jumla: hamsini kwa hamsini, hoja haikupita. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, ambaye jirani yake ndiye aliyekuwa akiombewa nafasi hiyo, aligeuka akaniuliza kama amesikia vibaya. Alikuwa amesikia vizuri, na hakuna aliyesimama kumfafanulia.

Ufafanuzi upo, na chimbuko lake ni jema. Zamani kila mjumbe alikuwa na kura moja, kwa hiyo mbunge mwenye wakazi elfu chache ndani ya kaunti alilingana na mwenye makumi ya maelfu. Mwaka 1999, katika kesi ya Vander Linden dhidi ya Hodges, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Mzunguko wa Nne iliamua kwamba utaratibu huo unakiuka kanuni ya mtu mmoja, kura moja, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeitumia kwa mabunge ya majimbo mwaka 1964. Dawa iliyopatikana ni kuipa kura ya kila mjumbe uzito kulingana na idadi ya wakazi wa kaunti anaowawakilisha. Kwa hatua hiyo natoa nyota mbili bila kusita, kwa sababu dhuluma iliyokuwepo ilikuwa ya wazi na ilistahili kuondolewa.

Nyota zilizobaki nimezizuia kwa sababu ya hesabu yenyewe. Kaunti yetu yote imo ndani ya eneo la seneta mmoja. Nikizikadiria takwimu ili zisomeke kwa urahisi, seneta anahesabiwa watu 100,000, na wawakilishi wanne wanagawana watu hao hao: 41,000, 40,000, 16,000 na 3,000. Jumla ya uzito ni 200,000, na hoja hupita ikivuka nusu. Wawakilishi wote wakiungana wanafika nusu kamili na kukwama hapo. Seneta akimpata yeyote kati yao, anashinda. Sasa mtazame yule mwenye watu 3,000 na mwenzake mwenye watu 41,000: kila mmoja anaweza kumpa seneta ushindi, na hakuna anayeweza kushinda bila seneta. Nguvu zao ni sawa kabisa. Usawa ule uliokatazwa na mahakama umerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ukiwa umevikwa desimali.

Hili si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1965 mwanasheria John Banzhaf alichambua bodi ya Kaunti ya Nassau, New York, iliyokuwa na kura za uzito wa 31, 31, 28, 21, 2 na 2, huku ushindi ukihitaji 58. Wawili wowote kati ya wale watatu wa kwanza walitosha kupitisha jambo, na wale watatu wa mwisho hawakuweza kubadilisha matokeo yoyote, hata yule mwenye 21. Mwaka 1967 mahakama ya juu kabisa ya New York ilidai uzito upimwe kwa nguvu halisi ya kuamua. Kwetu nimeona watu wakihesabiwa tu.

Kinachoniuma zaidi ni historia. Kabla ya sheria ya mwaka 1975 iliyozipa kaunti za South Carolina mabaraza yenye mamlaka yake, bajeti ya kaunti ilipitishwa na bunge la jimbo, na kwa miaka mingi kila kaunti ilikuwa na seneta mmoja aliyeitawala kwa vitendo. Nilipokuwa nikimwangalia seneta wetu akizima kwa neno moja kauli ya wenzake wanne, niliona zama zile zile.

Kuhusu ukumbi, muda na heshima kwa wananchi sina lalamiko. Lakini jedwali la uzito halikubandikwa popote. Nililipata baada ya kuandika barua mbili. Kabla ya kuhudhuria kikao cha ujumbe wako, liombe mapema, jumlisha mwenyewe, na uone ni nani asiyeweza kushindwa. Uteuzi wa bodi za kaunti ningeukabidhi kwa baraza la kaunti, ambalo wakazi wake wanalichagua wenyewe. Nafasi ile ya bodi, ninapoandika haya, bado iko wazi.